Jua la Kikopey, Dari za Lamu

Kikopey haina mji wa kale. Ina barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, mbuzi waliotundikwa kwenye ndoano za bucha, moshi wa mkaa unaomfikia abiria kabla matatu haijasimama, na mabati. Mabati mapya yanayong'aa, mabati yaliyoshika kutu, mabati yaliyopakwa rangi za kampuni za simu. Juu ya mabati hayo paneli za sola zinaongezeka kila mwaka: ndogo ya kuchajia simu kwenye kibanda, mbili tatu za kuendesha friji na televisheni kwenye hoteli ya nyama choma, safu nzima kwenye jengo la mwenye uwezo aliyepandisha ghorofa. Hakuna aliyemuuliza hata mmoja wa wenye paneli hizo kama paneli yake inapendeza.

Na bado Kikopey imezungukwa na urithi. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Elementaita, ambalo mwaka 2011 liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Mwendo mfupi kutoka barabarani kuna Kariandusi, ambako Louis Leakey aliyakuta mashoka ya mawe mwaka 1928, zana za watu walioishi bondeni humu mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Nyumba ya mlowezi Galbraith Cole nayo bado imesimama juu ya ziwa, sasa ikiwa sehemu ya hoteli ya kitalii. Cole alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo, baraza la mahakama la Wazungu wenzake likamwachilia, na mwaka 1911 serikali ya kikoloni ikamfukuza nchini. Nyumba yake inaonyeshwa kwa wageni. Vibanda vya wachungaji waliomfanyia kazi hukuti hata msingi wake. Katika mjadala wote wa urithi ni vyema kukumbuka kwamba kinachohifadhiwa kimechaguliwa na mtu.

Peleka paneli ileile ya Kikopey kwenye Mji wa Kale wa Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, na maswali yanaanza. Nani kakuruhusu? Itaonekana kutoka wapi? Je, nyumba itabaki kuwa nyumba ya Kiswahili ikiwa na kioo cheusi juu yake? Maswali hayo yana haki ya kuulizwa. Nina wasiwasi na mpangilio wake. Nimekaa na suala hili muda mrefu na naona kwamba sisi Afrika Mashariki tumeazima ugomvi wa watu wengine, wenye mapaa mengine na jua jingine, na kwa kuuazima tumeyasahau maswali yanayotuhusu zaidi: maji, moto, uzito, sitara ya jirani, na nani analipa gharama ya uzuri ambao dunia nzima inaufurahia.

Kabla ya kufika pwani, nitakaa kidogo kwenye paa la Kikopey, kwa sababu wengi wanaopinga au kutetea paneli hawajawahi kuona ikifungwa.

Fundi hodari haanzi na paneli. Anaanza kwa kugonga mabati kwa ngumi akisikiliza mlio, akitafuta mahali ambapo mbao za kenchi zimepita chini. Akishazipata, anatoboa kwenye mgongo wa wimbi la bati, kamwe si kwenye bonde lake, maana bondeni ndimo maji ya mvua yanamopita. Kila skrubu inavaa pete ya mpira na kupakwa silikoni. Juu ya skrubu hizo zinalala reli mbili za aluminiamu, na juu ya reli paneli inabanwa kwa vibanio vinne. Kati ya paneli na bati anaacha nafasi ya kiasi cha upana wa kiganja ili hewa ipite, kwa kuwa paneli ikipata joto kali hupungukiwa nguvu. Hapo Kikopey ina bahati: iko chini ya nusu digrii kusini mwa ikweta, jua ni la utosini, lakini pako juu na hewa ni ya baridi. Nyaya anazifunga chini ya reli zisisuguane na bati upepo ukivuma, anazishusha ndani ya bomba la plastiki hadi stoo ambako kuna inverta na betri, kisha anapigilia fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya radi. Mwisho anapanguza kioo. Atarudi kukipanguza tena, au atamfundisha kijana wa hoteli, kwa sababu masizi ya majiko na vumbi la malori hukifunika kwa siku chache.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo nataka msomaji alibebe hadi pwani. Siku mpangaji akihama, fundi yuleyule analegeza vibanio, anateremsha paneli, anaziba matundu ya skrubu, na jioni paa limerudi lilivyokuwa. Vitu vichache tunavyoongeza kwenye nyumba vinaweza kuondoka hivyo. Ghorofa ya zege haiondoki. Ukuta wa mawe uliobomolewa kupanua duka haurudi.

Paneli haichomi mbuzi. Inaendesha friji, taa, pampu ya maji na muziki, lakini nyama ya Kikopey inaiva kwa mkaa, na mkaa unatoka kwenye migunga na mileleshwa ya Bonde la Ufa na kwingineko. Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyodumu hadi 2023, na bei ya gunia ikahisiwa kwenye kila sahani. Anayetaka kuhifadhi mandhari ya Elementaita aanzie kwenye gunia hilo. Paa la hoteli linaweza kungoja.

Kwa nini basi watu wananunua sola mahali ambapo nguzo za stima zimefika? Si kwamba umeme uko mbali. Olkaria, kusini mwa Naivasha, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na nyaya zake kubwa zinakatiza bonde. Lakini usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na giza kama hilo likarudi mwezi Desemba. Mwenye bucha ana mbuzi watatu ndani ya friji. Akikosa umeme usiku mmoja na mchana wake, hasara ni yake peke yake, na hakuna dirisha la kwenda kudai fidia akasikilizwa haraka. Hata mwanzo wa sola nchini Kenya ulikuwa hivyohivyo, kutokana na haja ya watu wa chini: mwaka 1984 Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na mwalimu Mark Hankins, walifunga paneli katika shule ya harambee ya Karamugi huko Meru ili wanafunzi wasome usiku, na mafundi waliofunzwa wakati huo wakaieneza kazi vijijini. Hapakuwa na sera iliyowatangulia.

Watu wa bonde hili wanajua kupigana juu ya nishati na mandhari, na wamepigana vikali. Juu ya Kikopey, kwenye uwanda wa Kinangop, palipangwa mitambo 38 ya upepo ya kutoa megawati 60.8. Wakulima walikataa: walihofia ardhi yao na afya yao, na walisema hawakushirikishwa vya kutosha. Mwaka 2015 mtu mmoja alikufa katika maandamano, na Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kwamba mradi umekwisha. Pale Elementaita penyewe, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya majengo yanayosogea ukingoni mwa ziwa, karibu na mazalio ya mwari. Katika magomvi yote hayo paneli ya juu ya paa haikutajwa, na sababu iko wazi kwa anayewajua ndege wa hapa. Heroe husafiri usiku kutoka ziwa moja hadi jingine, na ndege mkubwa anayeruka gizani hauoni waya. Kila nyumba inayojitosheleza kwa paa lake inapunguza haja ya nguzo nyingine na waya mwingine kukatiza njia yake. Kwa mandhari ya ziwa, paa la mabati lenye paneli ni mahali salama kabisa pa kuweka mtambo wa umeme: pameshajengwa, na hakuna nyasi mpya inayofyekwa.

Sasa tushuke pwani.

Mji wa Kale wa Lamu ni mdogo, hekta 16 hivi za nyumba zilizobanana, na uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwaka 1986, ulikuwa umeshatangazwa kuwa eneo linalolindwa kisheria, na leo unasimamiwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kukiwa na ofisi ya uhifadhi mjini humo na serikali ya kaunti inayoidhinisha ujenzi. Anayetaka kubadilisha sura ya nje ya nyumba yake anapaswa kupita huko. Sioni ubaya wowote katika hilo. Bila sheria hizo Lamu ingekuwa imekwisha kumezwa na zege.

Lakini tulitazame paa lenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wa chumba chake umeamuliwa na msitu wa mikoko: boriti haiwezi kubeba zaidi ya mita mbili na nusu au tatu, kwa hiyo vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, juu ya mawe hushindiliwa kokoto na chokaa, hadi dari inakuwa na unene wa sentimita 30 au zaidi. Kila mita mraba ya dari hiyo ina uzito wa mamia ya kilo. Paneli ya wati 550 ina kilo 28 hivi, zilizotandazwa kwenye eneo la mita mraba mbili na nusu. Nyumba yenye boriti nzima hata haitausikia mzigo huo. Nyumba yenye boriti zilizooza haikupaswa kubeba hata tangi la maji, na matangi ya maji yamejaa juu ya dari za Lamu, kila moja likiwa na tani moja au mbili likijaa.

Hapo ndipo ninapoona ugomvi wa kuazima. Kule Uingereza, ambako mjadala wa paneli na nyumba za kale umeandikiwa kanuni nyingi, jua la majira ya baridi linakaa chini sana. Paneli lazima iinuliwe na ielekezwe kusini ili ilipate, na mapaa yao yana mteremko mkali unaotazama barabara. Paneli inaonekana na kila mpita njia, kwa hiyo kanuni zao zinashughulikia sana macho ya mpita njia. Lamu iko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi, miezi kadhaa likiegemea kaskazini, miezi mingine kusini. Paneli inaweza kulazwa karibu tambarare, ikiinuliwa digrii 10 tu ili mvua iioshe. Paneli ya urefu wa mita 2.3 ikiinuliwa kiasi hicho, upande wake wa juu unapanda sentimita 40. Dari nyingi za nyumba za mawe zina ukuta wa ukingo unaozidi kimo hicho. Na aliye chini, katika vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wanapishana kwa shida, anaona kuta mbili na utepe wa mbingu. Hawezi kuona kilicholala juu ya dari hata akitaka.

Mtu atasema: wageni hawatazami kutoka kichochoroni tu, wanapanda juu ya hoteli na kutazama mji wote. Ni kweli, na kutoka huko wanaona matangi meusi, madishi ya televisheni, nguo zilizoanikwa na mapaa ya makuti. Huo ni mji unaoishi. Siwezi kukubali kwamba mama wa mtaa wa Mkomani afunge friji yake ili picha ya mgeni anayekaa siku nne iwe safi.

Kuna macho mengine, hata hivyo, ambayo nayaheshimu sana, na kanuni hazikuyataja. Katika miji ya Waswahili dari ni sehemu ya nyumba inayokaliwa, na kwa desturi sehemu za juu ni za wanawake: wanapepeta mchele, wanaanika, wanapumzika jioni bila buibui. Fundi wa sola akipanda juu ya dari moja anaziona dari kumi na nyua zake. Ada inataka anayepanda juu abishe hodi kwanza, sauti isikike nyumba za jirani, watu wajisitiri. Fundi anayetoka Mombasa au Nairobi na begi lake la spana hajui hilo, na ugomvi unaoanzia hapo unafika kwa mzee wa mtaa kabla ya kufika kwa ofisi ya uhifadhi. Ningependa kuona kibali cha sola cha mji wa kale chenye mstari mmoja unaosema siku na saa ambayo fundi atapanda, na kwamba majirani wameambiwa. Mstari huo ungehifadhi utamaduni wa Lamu kuliko kurasa nyingi zinazoeleza rangi ya fremu.

Moto nao ni jambo zito. Umeme wa paneli ni wa mkondo wa mwelekeo mmoja, na unganisho bovu la umeme wa aina hiyo hutoa cheche isiyozimika kirahisi. Jua likiwepo, paneli haina swichi ya kuizuia kuzalisha. Juu ya mabati ya Kikopey cheche huunguza waya. Juu ya paa la makuti huunguza mtaa, katika mji ambao lori la zimamoto haliwezi kuingia. Kwa hiyo paneli juu ya makuti ikataliwe kabisa, na nyaya za kupita karibu na makuti zikataliwe pia. Mamlaka ya nishati ya Kenya inatoa leseni kwa mafundi wa sola; katika mji wa kale leseni hiyo iwe sharti lisilo na njia ya mkato. Tena kusiwe na kutoboa dari ya chokaa. Tundu moja lililozibwa vibaya huingiza maji, maji huozesha kichwa cha boriti ndani ya ukuta ambako hakuna anayeona, na miaka michache baadaye dari inashuka yenyewe. Juu ya dari tambarare reli hushikwa kwa uzito wa matofali, bila skrubu hata moja. Chumvi ya bahari italamba kila kitu kisicho aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, na hilo mwenye nyumba aambiwe kabla hajalipa.

Historia ya karibuni ya Lamu inaonyesha vizuri ukubwa wa vitu. Kwa miaka mingi mji uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Kisha ukaja mpango wa mtambo wa makaa ya mawe huko Kwasasi, bara, kilomita 20 hivi kutoka mji wa kale: megawati zaidi ya 1,000, na bomba la moshi la mita 210. Wenyeji, wakiwemo wanachama wa shirika la Save Lamu, walienda kwenye baraza la mazingira, wakahoji athari kwa samaki, kwa afya na kwa mji wenyewe, wakahoji pia jinsi umma ulivyoshirikishwa. Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilieleza hofu yake. Tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mazingira ya mtambo. Walioshinda kesi walikuwa wamesema tangu mwanzo kwamba upepo na jua vinatosha kuwa njia nyingine. Mji ulioepushwa na bomba la mita 210 unastahili utaratibu mwepesi wa kuruhusu kioo cha sentimita 40.

Zanzibar ina ugumu wake. Mji Mkongwe ni mkubwa zaidi, hekta 96, na uliingia kwenye orodha mwaka 2000, ukiwa chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985. Kisiwa kinapata umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima. Halafu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Wenye hoteli walileta jenereta, zikawekwa barazani na vichochoroni, na harufu ya dizeli ikakaa baina ya kuta za chokaa usiku na mchana. Waliokosa fedha ya jenereta walichota maji kwa ndoo kwa kuwa pampu zilisimama. Anayesema paneli inaharibu hali ya Mji Mkongwe na alikuwepo katika miezi hiyo, angalau ajibu swali la jenereta.

Na mapaa ya Mji Mkongwe? Mengi ni mabati. Dari tambarare za asili zilivuja katika mvua za Unguja, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kuzifunika kwa bati lililoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Bati hilo lilikuwa kitu kigeni cha kiwandani juu ya nyumba ya chokaa. Leo bahari ya mabati yenye kutu ni sehemu ya sura inayopigwa picha na kulindwa. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilipata sifa yake kwa mambo mapya yaliyokuwa ndani yake, taa za umeme zikiwemo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na wafanyakazi wawili wakafa. Jengo hilo lilikuwa limechoka kwa miaka mingi, likiingiwa na maji na kubadilika hali mbele ya macho ya kila mtu. Nguvu za uhifadhi, ambazo hazijawahi kutosha, zinapaswa kwenda kule ambako maji yanaingia.

Lakini Mji Mkongwe una tatizo la sola ambalo hakuna kanuni ya sura ya nje inayoligusa. Nyumba nyingi zinakaliwa na familia kadhaa. Nyingine ni za serikali, nyingine ni za wakfu, wapangaji wamo humo kwa vizazi viwili au vitatu. Dari ni ya nani? Aliye ghorofa ya juu anaweza kupanda na paneli yake. Aliye chini, chumba kimoja chenye giza hata mchana, hana paa. Kibali kikitolewa kwa mwombaji mmoja mmoja, mwenye hoteli atapata dari yote na mpangaji atabaki na mshumaa. Nimesikia watu wakieleza hili kuwa ni ugomvi wa majirani. Naona ni suala la haki, na nashangaa kwamba linatajwa kwa nadra hivyo tukijadili paneli katika miji ya kale.

Waingereza wenyewe wameanza kulegea, na mfano mmoja unatufaa. Kanisa la chuo cha King's College, Cambridge, lilianzwa kujengwa 1446, na ni miongoni mwa majengo yanayopendwa zaidi nchini mwao. Chuo kiliomba kuweka paneli 438 juu yake paa lilipokuwa linafanyiwa matengenezo. Taasisi inayosimamia majengo ya kale, Historic England, haikuunga mkono. Mwezi Februari 2023 madiwani waliruhusu, na moja ya hoja zilizosaidia ni kwamba ukuta wa ukingo wa paa unazificha paneli kwa sehemu kubwa kwa aliye chini. Vatikani ilienda njia nyingine: mwaka 2008 iliweka paneli 2,400 hivi juu ya ukumbi wa Paulo VI, jengo la mwaka 1971, na kuliacha kuba la Mtakatifu Petro kama lilivyo. Jengo jipya lilizalisha umeme, la kale likapumzika.

Njia hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka Lamu na Zanzibar ziichukue kwa uzito, kwa namna yao. Ndani na kando ya miji hiyo kuna majengo ambayo hayana thamani ya kihistoria na yana mapaa makubwa: shule, hospitali, masoko, maghala, ofisi za serikali. Ikiwa mwenye nyumba ya mawe anakatazwa kuweka paneli kwa sababu nzuri, kwa mfano boriti zake ni dhaifu au paa lake ni makuti, basi mamlaka inayomkataza impe sehemu ya umeme wa paa la shule, kwa mita yake, kwa bei ileile. Kukataza bila kutoa ni kumtoza mtu kodi kwa kuzaliwa katika nyumba nzuri. Na jibu la ombi liwe na tarehe. Ombi linalokaa mwaka mzima mezani limekataliwa bila mtu yeyote kutia saini, na mwombaji huishia kufunga paneli usiku, kwa fundi wa bei rahisi, kwa skrubu zinazotoboa chokaa.

Misikiti iko katika nafasi ya pekee. Ina mapaa mapana, mengi tambarare, inatumia umeme wakati maalumu wa siku na kuacha mwingi, na inaaminiwa na mtaa. Katika miji ya Kiislamu wakfu umebeba mahitaji ya namna hii tangu zamani: kisima, mafuta ya taa za msikiti, chakula cha wanafunzi wa chuo. Paneli na betri ni za ukoo uleule. Kamati ya msikiti inajua familia ipi ina mgonjwa anayetunza dawa za sukari kwenye friji, na inajua mama yupi ana mashine ya cherehani ya umeme. Fundi mwenye leseni atafunga, imamu atatangaza siku ya kupanda juu, vijana watapanguza chumvi, na mita za wapangaji wa vyumba vya chini zitaunganishwa kwanza.